Besi ya Mkono wa Kike

Makiese aliliweka gitaa la besi la marehemu baba yake mezani pangu kwa kishindo, nikamkemea. Gitaa la zaidi ya miaka hamsini halibwagwi kama gunia la mihogo.

"Nisamehe, papa fundi, nimechoka. Kesho tunamaliza matanga. Nitasimama nalo mbele ya watu niseme hili ndilo Papa Lutete alilopigia santuri ile ya sabini na moja. Na yule Mama Bolumbu muuza chikwanga amekuja tena msibani kudai eti ni lake!"

"Atakuwa kimada wa marehemu tu," nikasema.

"Basi nithibitishie gitaa ni la baba, nimfukuze kwa ushahidi."

Nilicheka, maana kazi ilikuwa rahisi. Besi ya santuri ile imetuchezesha kwenye kila arusi hapa mtaani Bandal, Kinshasa, na Papa Lutete nilimwona jukwaani kwa macho yangu, mkono wake wa kulia ukitembea kwenye nyuzi. Nikachukua bisibisi.

Rahisi wapi! Rangi nyeusi ilikuwa ya magari. Nilipoikwangua kidogo ikatokea nyeupe, na chini ya nyeupe kulikuwa na nyekundu ya kiwandani. Kisha kidole changu kikagusa kovu kwenye pembe ya chini. Palikuwa na tundu la kufungia mkanda, limezibwa kwa gundi na vumbi la mbao, likafichwa chini ya ile nyeusi.

"Mkanda haufungwi huku," nikasema, "labda gitaa liwe limegeuzwa juu chini. Baba yako alikuwa mashoto?"

"Baba? Mimi alinichapa kwa kushika kijiko kwa kushoto!"

Nikang'oa kibao cha plastiki. Ndani, kwenye mbao tupu, fundi fulani alikuwa ameandika kwa penseli: Mkono wa kike, Machi 1971.

"Mwanamke!" Makiese akapiga kelele.

"Tulia wewe. Mkono wa kike ni kushoto, si ndivyo tunavyosema sote? Aliyelipiga mwaka huo alikuwa mashoto, basi."

"Lakini baba hakuwa..."

"Najua!" nikafoka. Sikumfokea yeye. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, na kushindwa kuelewa kipande cha mbao kulinitia hasira na aibu.

Tukamwita Mama Bolumbu. Alikuja na beseni lake la chikwanga, ile mikate ya mihogo, kichwani, akalitua, nikamwonyesha yale maandishi. Hakushangaa hata kidogo. Akapitisha vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi, polepole, na mimi nikaelewa ni nani aliyepiga besi ile.

"Mama," nikasema, "mbona hukuwahi kusema?"

"Nilisema! Miaka yote hii nasema! Kila aliyeniuliza nilimwambia, besi ya santuri ile ni mkono wa kike. Wote wananijibu, tunajua mama, alikuwa mashoto." Akacheka hadi akakohoa. "Na mashoto ni kweli, sasa nibishe nini? Mwaka uliofuata nikaolewa, mume akanikataza muziki. Wenzangu wa okestra wakabaki na gitaa langu, wakaligeuza, wakalipaka hiyo rangi nyeusi ya magari."

Makiese akakaa kwenye kigoda. Hakuwa na hasira tena, na afadhali angekuwa nayo.

"Na sabini na moja baba yangu alikuwa anapiga nini?"

Mama Bolumbu akanitazama nimsaidie. Nikainama kukaza skrubu iliyokuwa imekaza tayari.

"Alikuwa anabeba spika, mwanangu. Kupiga alijifunza baadaye, akapiga nyimbo zangu, na hakuzipiga vibaya."

"Watu wote watakuwepo kesho, mama. Nitawaambia nini?"

Mama Bolumbu akalitazama gitaa.

"Waambie alipendeza nalo. Kweli tupu, Kinshasa nzima hakuna aliyependeza na gitaa kama Lutete, na hakuna atakayekubishia." Akajitwika beseni lake. "Ukishamaliza kusema, uniletee gitaa langu."