Kinyago Kilichouliza Zahanati ni Nini

Mwalimu Beatrice wa shule yetu hapa Kitaya, mtu wa kuja kutoka Iringa, aliniuliza kwa nini mcheza mapiko, ngoma yetu ya vinyago, hasemi. Nikamwambia ni mwiko. Aliyevaa kinyago kile si mtu, ni mzimu. Wanawake na watoto wasimjue. Akisema, amejulikana. Akijulikana, hachezi tena maisha yake yote.

"Wagiriki wa kale nao walianza na ngoma, mzee Rajabu," akasema. "Kundi linaimba. Mmoja akatoka kundini, akajibizana nalo, ikawa tamthilia. Na enzi zile zile wengine wakakataa kumeza walichoambiwa, wakauliza: kitu hiki hasa ni nini? Ikawa falsafa. Watu waliozoea kusikia mabishano penye mchezo, wangeogopa nini kuuliza hata sokoni?"

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo liliniingia. Mke wangu Mwanakombo aliumwa na nyoka shambani, akafia kwenye benchi la zahanati. Dawa hakuna, gari la wagonjwa limekalia mawe. Wakubwa wakaleta nini? Rangi.

Siku mheshimiwa mbunge alipokuja kuizindua upya zahanati, mwenyekiti wa kijiji Omari, kaka wa marehemu, alinikuta najifunga njuga. "Shemeji, mchezee mheshimiwa vizuri, usituharibie."

"Dada yako hakuharibu kitu. Yuko wapi?"

Nikacheza hadi kwenye utepe. Ngoma zikasimama. Nikavua kinyago.

"Kumbe ni wewe!" Halima muuza vitumbua akapiga yowe. "Na hayo magoti mabovu!"

Nikamgeukia mheshimiwa. "Zahanati ni nini?"

Akacheka. "Mzee wangu, si ndiyo hii?"

"Hizi ni kuta na rangi. Kaburi la mke wangu nalo nimelipaka chokaa. Nalo ni zahanati?"

"Tutalifanyia kazi."

"Sikuuliza mtafanya nini. Nimeuliza ni nini."

Akaupeleka mkasi kwenye utepe. Omari akaninyang'anya kinyago. "Umevunja mwiko! Huvai tena!"

"Chukua. Miaka thelathini nimenyamaza humo ndani, nimepata nini?"

Mgambo wawili wakanishika. Ndipo ngoma moja ikadunda, sijui ya nani, na wanawake wakapokea: "Zahanati ni nini?"

"Dawa!" nikajibu.

"Zahanati ni nini?"

"Mganga!"

Mgambo wakanikokota kuelekea barabarani, wanawake wakiuliza nyuma yetu, nami najibu.