Ramani Iliyomhamisha Ardis Kvamme

Ardis Kvamme alilala mtu wa kanda ya nne, akaamka mtu wa kanda ya tano, na kitanda chake hakikusogea hata inchi moja.

Ramani ndiyo iliyomfanyia hivyo. Wataalamu wa serikali walikaa na takwimu zao za miaka thelathini, wakapiga hesabu upya za baridi ya kila pembe ya Marekani, wakatoa ramani mpya ya kanda za bustani. Kila kanda ina namba yake, na namba inavyopungua ndivyo baridi inavyozidi. Mwenye bustani akienda kununua mche hutazama kwanza namba kwenye kibandiko, ajue kama utaivuka Januari au utamfia huku akiuchungulia dirishani. Mji wa Nyborg, Minnesota, ambako Ardis alizaliwa, akaolewa, na kuwapikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, ulikuwa wa nne tangu azijue namba hizo.

"Lyle!" alimwita mumewe. "Wametuhamisha!"

"Nani? Wapi?" Lyle alitokea na soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Serikali. Kanda ya tano."

Lyle alishusha pumzi. "Ah! Nilidhani wanapitisha barabara uani."

"Heri wangepitisha barabara!"

Na hakuwa akitia chumvi. Ardis alikuwa mwanachama wa Baraza la Majembe, jukwaa la wapenda bustani kwenye mtandao, na humo ndani hakuna aliyekuwa mkali wa kanda kama yeye. Sheria ya kwanza ya baraza, kwamba kila mtu aandike mji wake na kanda yake chini ya jina lake, ni yeye aliyeipigania mpaka ikapita. Mtu akiuliza kwa nini majani ya waridi lake yana madoa, Ardis humjibu kabla hajatoa kidole kwenye kitufe: "Uko wapi, mpenzi, na kanda ya ngapi? Au tukutibie gizani?"

Ndani ya baraza hilo mlikuwa na Chama cha Kanda ya Nne, watu wanaojivunia baridi yao kama wengine wanavyojivunia magari. Bwana mmoja wa Iowa, wa kanda ya tano, aliwahi kujipenyeza kimyakimya. Ardis alimfukuza hadharani. "Baba," alimwandikia, "nenda ukapalilie minazi yako." Watu walicheka siku tatu.

Lakini jambo lililomkosesha Ardis usingizi halikuwa sifa. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Mei, chama kilikuwa na siku ya kubadilishana miche, na siku hiyo sharti ifanyike kwenye ua wa mtu wa kanda ya nne. Miaka kumi na mmoja mfululizo ilifanyika kwa Ardis. Watu themanini kutoka majimbo matatu, miche kwenye vikopo vya mtindi, mabakuli ya viazi na nyama yamepangwa kwenye banda la gari, na habari! Nani kaachika, nani kawekewa goti la chuma, mtoto wa nani kaolewa na mwimbaji. Tangu astaafu jiko la shule, na wanawe wawili wahamie Arizona kwenye jua, nyumba ya Ardis ilikuwa na viti kumi na wakaaji wawili, na mmoja wao, Lyle, akisema maneno ishirini kwa siku ni siku ya maneno mengi. Siku ile moja ya Mei ndiyo iliyombeba mwaka mzima. Akihesabiwa wa tano, siku ingehamia kwa Bev Stodola, kule vilimani, maili ishirini kutoka Nyborg. Kanda ya Bev haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye ukarimu wake: wageni wake hukaa kwenye sofa zilizofunikwa nailoni zisichafuke.

Basi Ardis akafanya lile ambalo angemfukuzia mtu mwingine. Hakubadilisha kitu. Chini ya jina lake pakabaki palivyokuwa: Nyborg, Minnesota, kanda ya 4.

Alikaa hivyo wiki tano, roho juu, mpaka akajitokeza Pilar Escamilla. Pilar alikuwa nesi aliyetoka Texas kwa ajili ya kazi, hana hata mwezi Nyborg. Aliandika kwa adabu zake zote: "Hamjambo wapendwa. Mimi mgeni, niko Nyborg, ramani inasema kanda ya 5. Namwona Bi. Ardis wa hapahapa Nyborg ameandika 4. Naomba kuelekezwa, nani kati yetu amekosea? Nisije nikaua mimea ya watu."

Ilikuwa saa nane mchana. Kufika saa kumi na moja majibu yalikuwa mia mbili na kumi na nne.

"Ardis, shoga yangu," aliandika Bev, "hongera kwa kuhamia Florida. Umepata nyumba inayotazama bahari?"

"Tuletee nanasi Mei!"

"Au tukutibie gizani?" aliandika yule bwana wa Iowa, ambaye kumbe alikuwa bado yumo, anasubiri tu siku yake.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ardis alikaa mezani, mashavu yamemwiva, na Lyle nyuma yake anasoma kwa sauti, anacheka mpaka anashika kiti.

"Unamchekea nani, Lyle Kvamme?"

"Hili la nanasi zuri, mke wangu. Lazima ukubali ni zuri."

Ardis hakukubali. Aliandika waraka. Ramani, alisema, haijui kwamba ua wake uko bondeni, kando ya kijito, na hewa ya baridi ni kama maji, hutiririka kutoka mlimani na kutuama kwake. Mji unaweza kuwa wa tano, ua wake ni wa nne. Admini wa baraza, Wendell Pruitt, mwalimu mstaafu aliyependa kesi kuliko maua, akatoa hukumu: asubuhi moja ya Januari, atakayoichagua Ardis mwenyewe, kipimajoto kitundikwe uani kwake mbele ya mashahidi. Kikishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, kwa kipimo cha Marekani, ua ni wa nne na siku inabaki. Kisiposhuka, siku inakwenda kwa Bev.

Tangu hapo Ardis akawa kituko. Mji mzima unaomba ahueni, yeye anashangilia utabiri. Kanisani mchungaji aliomba Mungu ayahurumie mabomba ya wazee yasigande na kupasuka, watu wakaitikia amina. Ardis akatikisa midomo tu. "Mabomba ya jirani yetu Inga yakipasuka," Lyle alimnong'oneza, "nitasema najua aliyeomba." Redio ilipotangaza kwamba Alhamisi ingekuwa baridi kuliko siku zote za mwaka, Ardis alimshika Lyle mikono, wakazunguka jikoni kama maharusi, na Lyle hata hakuuliza wanacheza nini.

Alhamisi ikafika. Mashahidi walitakiwa wawe watatu. Walikuja thelathini na wanne. Saa moja asubuhi, jua bado halijachomoza vizuri, magari yalijaa barabarani mpaka kwa majirani, na kila aliyeshuka alishuka na bakuli lililofunikwa taulo, maana hakuna mtu wa kule aendaye kwa mwenzake mikono mitupu, hata akienda kumhukumu. Jikoni kahawa ilichemka mabirika matatu. Pilar aliingia amevaa makoti mawili na blanketi, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Bi. Ardis, nisamehe," alisema. "Sikujua nawasha moto."

"Moto gani, mwanangu? Ungewasha moto tungekushukuru. Kaa karibu na jiko, kula kitu."

Lyle alimvuta mkewe pembeni, karibu na friza. "Nichukue barafu kidogo niigusishe kwenye kile kipimajoto?"

"Lyle! Huoni aibu?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Ingesaidia?"

Lyle akafikiri. "Hapana. Friza ina joto kuliko nje."

Wakatoka wote. Theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu kama biskuti. Kipimajoto kilikuwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, karibu na kijito, na watu thelathini na wanne walikizunguka kama kuku waliomwagiwa mahindi, kila mmoja anasukuma pua mbele, mvuke unatoka midomoni.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele Wendell. "Mnakipumulia! Mnakipasha moto! Hatua kumi, tafadhali, na pumzi mzibane!"

Basi wakarudi nyuma hatua kumi, watu wazima na miaka yao, wengine wajukuu wamefika chuo kikuu, wakasimama kwenye theluji mashavu yamejaa hewa. Mmoja akacheka puani. Kicheko kikawapitia wote, wakapumua kwa mkupuo, ikabidi waanze upya.

"Bev," alisema Wendell, "wewe ndiye mwenye kesi. Soma."

Bev akaenda nguzoni. Akainama. Miwani yake ilikuwa nyeupe pe, imeganda kwa pumzi yake mwenyewe. Akaivua, akakodoa, akaivaa, akaivua tena. "Sioni kitu. Wendell, njoo."

"Yangu vilevile."

Na ndivyo ilivyokuwa: wote wale walikuwa watu wa miwani, na miwani yote imeganda. Ardis peke yake, aliyetolewa mtoto wa jicho mwezi wa Septemba, alikuwa anaona kama mwewe. Bev alilijua hilo, maana habari ya macho yale aliipata siku ileile.

"Msumbukie nini," alisema Bev. "Ardis, njoo usome wewe. Neno lako linanitosha."

Ardis akaenda. Alipita kati ya watu, theluji inalia. Akainama, akatazama.

Kumi na tisa. Mstari mwekundu umekaa juu ya kumi na tisa, haupandi wala haushuki, na mstari mmoja mdogo, mwembamba kama unywele, ndio uliomtenga na siku yake. Alisubiri. Aliukazia macho kama alivyokuwa akiwakazia watoto wasiotaka kumaliza karoti. Haukusogea. Nyuma yake hakuna aliyeona, na hakuna ambaye angekuja kuona. Neno moja tu, ishirini, na Mei wangejaa tena kwenye banda lake. Nalo lilikuwa mdomoni tayari.

Tatizo lilikuwa Bev. Angesema "nitahakiki mwenyewe", Ardis angedanganya bila kupepesa. Lakini unamdanganyaje mtu aliyekwambia neno lako linanitosha, mbele ya watu, baridi ile, bila miwani?

"Kumi na tisa," alisema Ardis. "Mimi ni wa tano."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisema "Ah, Ardis," basi. Bev aliivaa miwani yake nyeupe, akamshika mkono, wakaongozana kuingia ndani kama watu wanaotoka mazikoni, na wengine nyuma.

Jikoni Ardis hakuvua koti. Alifungua kompyuta mezani, mbele ya wote, akaingia barazani, akafuta 4 chini ya jina lake, akaandika 5. Akabonyeza. "Haya. Nimeshahama. Kahawa ipo, kuleni, msiniangalie hivyo."

Simu ya Wendell ikalia, tin! Alikuwa ameifungua mwenyewe, anaandika kitu, masikio yamemwiva.

"Wendell? Unafanya nini?"

"Mji wangu wa Mankato nao umehama," alisema Wendell taratibu. "Tangu siku ileile. Mimi nilidhani hakuna aliyetazama."

"Wendell Pruitt! Na ukanihukumu!"

"Ningefanyaje? Mimi ni admini!"

Tin! Huyo Marvel wa Owatonna. Tin! Huyo Gordy, na mkewe, ambaye kumbe alikuwa amemficha hata Gordy. Simu zikaanza kulia jikoni kote kama kengele za mbuzi, nne zinageuka tano, na kila aliyegeuza alirukiwa na wenzake kwa kelele. "Na wewe! Ulisema Florida!" "Ulimwomba nanasi, mnafiki!" Lyle alikuwa anahesabu kwenye ubao wa friji kwa chaki, na alipofika ishirini akaishiwa na nafasi, akaendelea kwenye mlango.

Walibaki wa nne watu wanane, Bev akiwa mbele yao, mikono kiunoni.

"Sasa hiyo siku yangu nitaifanya na nani?" alisema. "Na paa wa vilimani?"

"Rekebisha sheria, Wendell!" alisema Marvel. "Tuko wengi!"

"Subirini," alisema Ardis. Alikuwa amesimama juu ya kiti, hakuna aliyemwona akipanda, na koti bado analo. "Chama cha nne ni cha Bev, na Mei ni yake, kashinda kihalali. Tutakwenda, na tutakalia nailoni zake. Lakini kanda ya tano haina chama wala siku, kwa sababu kuna mtu aliwafukuza. Sasa mtu huyo anawaomba radhi. Siku yetu itakuwa Juni, hapa, na haina namba: wa tatu aje, wa tisa aje. Pilar, waandikie Texas waje. Na yule wa Iowa, nani ana anwani yake?"

"Nimemwandikia barazani, na ameshajibu," alisema Pilar, aliyekuwa ameshika simu ndani ya blanketi. "Anauliza alete minazi mingapi."

Pale ndipo nyumba ilipopasuka kwa kicheko, na Ardis juu ya kiti alicheka kuliko wote, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Halafu Gordy akakumbuka kwamba mpichi hustahimili kanda ya tano. Mpichi wa kweli, unaozaa! Hapo mjadala wa kesi ukafa, ukazaliwa wa mapichi: aina gani, upande gani wa ua, umbali gani na ukuta. Katikati ya mjadala Ardis alisema haiwezekani kuamua shimo mkiwa jikoni. Basi wakatoka tena nje wote, vikombe mikononi, Bev naye anabisha kwamba hapo kuna kivuli. Lyle akaleta sururu, akaiinua, akaipiga ardhi iliyoganda. Ardhi ikalia kama chuma, sururu ikamrudi, na watu thelathini na wanne wakapiga makofi.