Babu Johann Mwenye Wake Sita

Elda Rauch alitaka jambo moja tu duniani: azikwe ubavuni mwa mama yake. Daktari alishamwambia moyo wake umechoka, ajiandae. Basi huyu Wilmer, mwenyekiti wa ukoo, mtu wa kuchakura vitabu vya ubatizo kama kuku jalalani, hakusubiri hata watu wamalize pai kwenye mkutano wa ukoo wa Agosti, kule Pennsylvania. Akamtangazia mbele ya wote kwamba haruhusiwi kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo.

"Lango la makaburi limeandikwa wazi: Wazao wa Johann Rauch, aliyetoka Ujerumani. Wewe, binamu, umetoka kwa ndugu yake, Peter."

"Na mama yangu mlimzikaje humo?"

"Kwa makosa. Basi, tutamvumilia."

Jamani! Elda akaweka pai chini. Lakini kumlilia Wilmer, thubutu.

"Hebu lisome jina lote la huyo Peter."

Wilmer akavaa miwani. "Johann Peter."

"Na ndugu zake?"

"Johann Georg. Johann Jakob. Johann Adam…" Akavua miwani. Wajerumani wale walimbatiza kila mvulana Johann. Mama yao akiita Johann aje kula, walikuja sita.

"Haya, mwenyekiti, wa langoni ni yupi?"

Wilmer hakujua. Mbaya zaidi, hakujua babu yake mwenyewe ni yupi. Ukoo ukachachamaa: kina Georg wakataka ukuta katikati ya makaburi, kina Adam wakataka bibi zao wafukuliwe wahamishwe. Mpaka Shangazi Mabel, ajuza wa miaka tisini, akagonga meza.

"Mmenichosha! Semeni Johann alikuwa mmoja, yaishe."

"Na wake wa hao sita wote wawe wake zake, shangazi? Mlutheri?" akauliza Wilmer.

"Baridi ya Pennsylvania huijui wewe?"

Wakapiga kura. Wengi wape. Wilmer, mzee wa kanisa, akaandika kitabuni kwamba babu yao mcha Mungu aliishi na wake sita nyumba moja. Elda naye alinyoosha mkono, akimwomba Johann Peter radhi moyoni kwa kumfuta.

Jioni, wenzake wakikunja meza, alikwenda makaburini. Akavua viatu, akajilaza kwenye nyasi kando ya mama yake, aone kama atatosha. Palikuwa pembamba.

"Mama," akasema, "hebu sogea kidogo."