Vibao Viwili vya Preston Lindqvist

Miaka thelathini na moja nimeandika kwa brashi majina ya wenye Studio ya Halvorsen, studio ya filamu hapa Burbank. Nilipoajiriwa ilikuwa mali ya kampuni ya pombe kali. Ikaja ya mahoteli ikaimeza ile ya pombe, ikaja ya umeme ikayameza mahoteli, na mwaka juzi ikaja ya simu, kutoka Dallas, ikameza vyote. Kila aliyefika alitaka jina lake lionekane kwenye tangi la maji lililo juu ya mnara, tena juu ya jina la Halvorsen mwenyewe. Mimi hupanda, nikafuta, nikaandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini Jumatatu moja Dallas walituletea mkuu mpya wa studio, Preston Lindqvist, kijana wa miaka arobaini mwenye viatu vyeupe. Alipita karakana yetu ya vibao, akatazama makopo ya rangi, akanitazama mimi na mwenzangu Cornelius Dupree, anayevitundika vibao ninavyoandika.

"Mama Araksi, kazi nzuri sana," alisema. "Ila kuanzia sasa vibao vyote vitakuwa stika, zinachapishwa Dallas. Ijumaa natia saini barua ya kufunga hapa."

Nilikwenda nyumbani Glendale nikalia huku naosha vyombo, na sioni haya kusema. Dupree ana miaka sitini na minne; nani atamwajiri? Mimi nina sitini na moja, sijui kazi nyingine wala sitaki kuijua.

Hata hivyo kibao cha maegesho yake ilibidi kiandikwe. Katika mji huu, mkubwa wa studio haambiwi kwamba kafukuzwa. Anakuja asubuhi na gari lake, anakuta jina lake halipo mahali pake pa kuegesha, basi anajua. Ni ukatili, na ndiyo sababu mzee Gus, aliyenifundisha kazi, alianzisha desturi yetu: siku unapoandika kibao cha mkuu cha kuingilia, unaandika palepale na kibao cha kumuaga, akabidhiwe mkononi siku ya kuondoka, aende nacho kwao. Kwa nini siku ileile? "Mkono ukishamchukia mtu," Gus alikuwa akisema, "herufi hupinda."

Kwa hiyo Jumanne niliandika vibao viwili. Nakiri, mkono ulikuwa umeshaanza kumchukia. Nilifuta herufi ya Q mara mbili mpaka ikanyooka. Nikavifunga vyote viwili kwa karatasi, cha kuaga nikakiweka rafu ya juu.

Jumatano asubuhi nilikuwa napita na kahawa yangu nikaona gari la Lindqvist limesimama, mlango wazi, injini inanguruma. Mwenyewe yuko mbele ya kibao, simu sikioni, uso hauna damu. Nikasoma kibao. PRESTON LINDQVIST, kwa herufi kubwa. Na chini yake, kwa herufi ndogo: KWAHERI, NA ASANTE.

Kahawa nusura inidondoke. Dupree alichukua kibao cha rafu ya juu!

"Bosi," nilianza, "subiri nikueleze…"

Akaniinulia kiganja. "Nimefukuzwa?" aliuliza kwenye simu. "Sema tu, bwana, usinizungushe."

Ikajibu sauti ya mtu wa Dallas, kubwa kiasi kwamba hata mimi niliisikia: "Nani kakwambia? Tumetia saini jana tu! Wale wa matangazo ya mtandaoni wametununua sote, Preston. Mwisho wako Ijumaa, na wangu pia. Ilikuwa siri!"

Lindqvist alikaa kwenye ukingo wa maegesho na suti yake ya bei mbaya.

"Ninyi mlijuaje?"

"Hatukujua. Mzee Dupree hakuvaa miwani."

Dupree naye alikuwa ameshafika, bisibisi mkononi. "Nikaona P kubwa," alisema, "nikaridhika."

Nikamweleza Lindqvist habari ya Gus na vibao viwili. Alicheka mpaka akajifuta macho, ingawa sidhani yote yalikuwa machozi ya kicheko.

"Kwa hiyo uliniandikia asante baada ya mimi kukwambia nafunga karakana yenu?"

"Desturi ni desturi, bosi. Ila Q ilinisumbua."

Akaitazama ile Q kwa muda. "Hao wapya watahitaji majina mangapi yabadilishwe?"

"Mageti matano, mnara, magari ya zimamoto, na kibanda cha kahawa."

"Na mpaka Ijumaa mkuu ni mimi." Akasimama, akajikung'uta vumbi. "Njooni ofisini. Wakifika watakuwa hawajui hata choo kiko wapi. Wakishtuka, mkataba wenu wa miaka mitano una saini na mhuri."

Aliutia saini mbele yetu, na ile barua ya kufunga karakana akampa Dupree aifutie brashi. Ijumaa aliondoka na kibao chake kwenye kiti cha mbele, amekifunga mkanda. Tulimpungia mikono, na nilimpenda kweli.

Jumatatu nilipanda mnara. Nilipokwangua jina la kampuni ya simu, chini yake lilichungulia la umeme, na chini ya la umeme mkia wa herufi ya mahoteli. Jua lilikuwa zuri na brashi ilikuwa tulivu mkononi. Niliposhuka nilikuta jina la mkuu mpya limeshaletwa: Wanda Kessler. Nikaandika kibao cha kuingia, na kabla hakijakauka nikaandika cha kuaga.

Dupree alisimama mlangoni na bisibisi yake. "Dada, safari hii nivae miwani, au nisivae?"

"Vaa, mzee," nilimwambia. "Tuna miaka mitano."