Upepo au Springi

Pale kwa fundi pikipiki kuna benchi moja, na benchi hilo lina midomo mingi kuliko makalio. Asubuhi hiyo walikaa madereva wanne waliokosa abiria, wakiitazama pikipiki ya Lori iliyoinuliwa juu ya tofali, shokapu zake za nyuma zikivuja mafuta kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Lori ndilo jina walilompa wenyewe, mwaka ule alipopandisha mlima na mifuko mitatu ya simenti, na mwenye simenti juu yake. Sasa ana miaka hamsini na nne, na alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki kwa sababu benchi halina pa kuegemea. Hilo hakumwambia mtu. Mgongo wake aliuficha kama wenzake wanavyoficha nyumba ndogo.

Fundi alimtandazia shokapu mpya juu ya gunia, jozi mbili. "Hizi za springi. Zitakurusha kidogo, lakini ukishafunga umesahau. Hizi nyingine za upepo. Godoro kabisa! Una mzigo, unaongeza. Uko peke yako, unapunguza."

"Achukue upepo, kazeeka huyu," akasema mmoja wa benchi.

"Upepo uvujie mlimani? Tutamkuta kakaa chini kama kuku anayeatamia."

Wakacheka. Lori naye akacheka, ila kidogo, maana kicheko kikubwa kingemchoma kiunoni. Moyoni alishachagua. Wiki ya tatu hii, akirudi nyumbani hushika ukuta kwanza, apumue, ndipo aingie, mkewe amwone kasimama wima. Akipata za upepo atasukuma miaka mitano mingine, mpaka kitinda mimba amalize shule.

Mara mkewe akaingia, furushi la nguo za kushona kwapani, anataka kupelekwa sokoni. "Mke mwenzangu kalazwa?" akauliza, akiitazama pikipiki.

"Anatibiwa, shemeji," akajibu fundi, kisha akamgeukia Lori. "Ila za upepo zina masharti. Kila asubuhi lazima upime na kujaza. Pampu hii hapa, pa kujazia ni huku chini. Hebu jaribu."

Lori akachukua pampu, akachuchumaa. Yaani, alianza kuchuchumaa. Katikati ya safari kiuno kikagoma. Akabaki amening'inia kwenye kiti cha pikipiki, chini hafiki, juu harudi.

"Lori limekwama!" benchi likaangua kicheko, likidhani ni vituko vyake. Kisha wakaliona jasho.

Mkewe akatua furushi, akamshika kwapa, akamnyanyua taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Ndiyo maana unapiga mswaki umeegemea mlango." Hakugomba. Akaokota pampu, akachuchumaa yeye. "Nionyeshe, shemeji. Nitakuwa najaza mimi."

Akapampu mara tatu, akatulia, akajifuta uso kwa mkono. Lori akamwangalia kutoka juu: visigino vilivyopasuka, bega moja lililoshuka kwa kuinamia cherehani. Mwanamke huyu huamka kabla ya kila mtu, achote maji, atayarishe wa shule, ndipo akakae kwenye mashine mpaka jua lizame. Na sasa anataka kuongeza na hili.

"Acha," akasema Lori.

"Si kazi kubwa."

"Umechoka."

"Nani hajachoka?"

"Fundi, nifungie za springi."

"We bwana, utaweza kweli?" akadakia mmoja wa benchi. "Na mifuko ya yule mwenye duka la simenti? Anakungoja saa sita."

"Kaibebe wewe. Mimi mizigo basi. Kuanzia leo nabeba mtu mmoja, safari fupi."

Mmoja wa benchi alijikuna kidevu, mwingine akaanza kutafuta simu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Fundi akafunga. Alipofika kwenye pete ya kukazia springi akainua spana. "Nikaze ya mzigo, kama siku zote?"

"Legeza. Iwe ya watu wawili."

Mkewe akapanda na furushi lake, wakaondoka mwendo wa harusi. Kwenye shimo la kwanza waliguna wote wawili. Akamwekea kiganja mgongoni.

"Hapa?"

"Chini kidogo."