Hadaa Aliyevaa Uso wa Tunsume

Mchana ule Tunsume alijitupa kitandani na viatu miguuni, machozi hayajamkauka. Asubuhi mwanamke mmoja alimpigia simu, akajiita shangazi yake wa Tukuyu, akamwomba amsomee namba zilizoingia kwenye ujumbe. Sauti hakuitambua, lakini kwao mtu hamwulizi mkubwa wake, "Wewe ni nani?" Akamsomea. Kwa namba hizo, kabla ya adhuhuri mwizi alikuwa ameiteka akaunti yake ya ujumbe na kuuandikia ukoo mzima, kwa jina lake, kwamba mama yake yu mahututi, wamchangie. Wakachanga. Kisha mjomba akapiga. "Mama yako huyu hapa, anapukuchua mahindi. Unamchangishia sanda akiwa hai, mwanangu?" Polisi waliandika maelezo yake, wakamwambia asubiri. Alisubiri mpaka usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya milango isiyo na kuta, chini ya jua lisilotupa kivuli. Mwanamke aliyechubuka magoti akaja akapiga magoti kumwamkia.

"Mimi ni Adabu, niliyekulea. Hadaa alipobisha hodi, nilimfungulia mimi. Sikufundishwa kuuliza."

"Nipeleke kwake. Nataka jina langu."

"Nitakupeleka, mwanangu. Kumpata ndiyo sijui."

Wakafuatana na Sheria, bwana mwenye buti zito, na mbwa wake Upelelezi, aliyenusa kila unyayo bila kukosea hata mmoja. Nyayo zilipita masoko, zikavuka mito, zikaishia kwa bibi kizee aitwaye Wema, akichambua mboga mlangoni pake.

"Laini ya mwizi ina alama ya kidole chako," Sheria alisema.

"Kijana auzaye laini za simu chini ya mwavuli alinisajilia yangu, baba. Akaniambia alama haijatoka, nibonyeze tena. Nikabonyeza. Akasema tena. Nikamwonea huruma, jua lilikuwa kali."

"Huruma yako ina laini ngapi, bibi?" Sheria alicheka, kisha akamfunga pingu, maana mbwa wake hukoma pale nyayo zinapokoma.

Tunsume alipogeuka alimwona Hadaa katikati ya umati, amevaa uso wake, hata baka la shavuni, akimlilia bibi kwa machozi mazuri kuliko aliyowahi kulia yeye.

"Huyo hapo," alisema. "Huo ni uso wangu."

Sheria akawatazama wote wawili. "Na wako uko wapi?"

Tunsume akajipapasa. Palikuwa patupu, laini kama kibuyu. Hadaa akamshika bega, akasema kwa sauti ya Tunsume mwenyewe, "Pole, dada," na umati ukamsifu kwa upole. Tunsume akamtafuta Adabu kwa mikono. Adabu alikuwa amekwisha kumpigia Hadaa magoti.

Mlango ukagongwa, akazinduka.

"Tunsume, fungua. Ni mama yako, nimepanda basi niliposikia."

Mkono ulifika kwenye komeo, ukakataa kwenda mbele. Sauti ile aliijua tangu tumboni.

"Kama ni mama," aliuliza taratibu, "nilizaliwa siku ya mvua au ya jua?"

Hapo ndipo maana ya ndoto ilipomwingia: hata mwizi akikamatwa leo, hata ukoo ukirudishiwa kila kitu, imani ya kumfungulia mama bila kuuliza hakuna polisi atakayeirudisha.

"Mwanangu," sauti ilisema, "tangu lini unaniuliza?"

Tunsume alibaki ameshika komeo, akingoja jibu.