Hatua Saba za Kumwogesha Mtoto

Jumatatu asubuhi mkunga mstaafu alibandika picha saba ukutani, juu ya beseni: kunawa mikono, kupima maji kwa kiwiko, kumwita mtoto jina, kuweka mkono chini ya shingo, mpaka kumfunika taulo. Mama wa mtoto, mawifi zake walimwita Polepole, maana jambo lilichukua njia ndefu kumwingia kichwani. Mumewe naye alikuwa vivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa taulo, na alilishika hata kabla maji hayajawekwa jikoni.

"Akili ni nywele, wanangu, kila mtu ana zake," mkunga alisema. "Haya, tena kutoka mwanzo."

Walirudia wiki sita. Polepole alipima kwa kiwiko maji, uji, chai ya mgeni, hata kiti kilichokaa juani. Mkunga aligeukia dirishani kidogo, kisha akamsifu.

Wiki ya saba mtoto akaanza kuwa mzito kwa yeyote aliyeruka hatua. Wifi mkubwa alimnyanyua bila kunawa, akapiga magoti.

"Loo! Huyu mnamlisha mawe?"

"Kanawe, wifi."

Akanawa, akafuata picha moja moja, na mtoto akawa na uzito wa mtoto. Nyumba nzima wakazoea, kama watu wanavyozoea mlango unaokwama.

Alhamisi akaja afisa wa ustawi na barua ya kumchukua mtoto, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamefeli maswali ya karatasi kule ofisini. Alimshika kwapani, akavuta. Kitanda kikalia. Akavua koti, akavuta tena.

"Hujamwita jina, kaka," Polepole alimwambia. "Na shingo umeiacha."

"Dada, mimi haya mambo nimeyasomea."

"Ndiyo. Lakini hujanawa."

Polepole akanawa, akamwita mwanawe, akapitisha mkono chini ya shingo, akamwinua kama anayeanua nguo kwenye kamba. Hakuruka hatua hata moja. Baba alikuwa tayari na taulo.

Afisa alitazama mpaka mtoto akavishwa. Kisha akaandika kwenye fomu: mtoto msafi, ameshiba, hachukuliki kwa mtu mmoja. Mbele ya swali la kama wazazi wanaweza kulea, palikuwa pameshagongwa muhuri wa "hapana" tangu ofisini, na muhuri haufutiki.

Jumatatu iliyofuata ofisi ilituma wapagazi wanne na mkokoteni. Polepole aliwapokea mlangoni, akawaonyesha sabuni ilipo, akawapanga foleni.